Uzi wa Kichwa cha Aqil

Langoni, Lamu
12 Januari 2025

Kwa mdogo wangu Saleha,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila paka wa jirani amezaa tena ndani ya kapu langu la vitambaa na Mama amekataza wasiondolewe. Shemeji yako magoti yanamsumbua. Mimi nimepungua mpaka pete zinanitoka, lakini hakuna anayeniambia nimependeza. Msalimie Mbarak, na Zuhura mwambie mama yake mkubwa anamngoja likizo, aje na huo usomi wake wa chuo kikuu anisaidie kuchambua mchele.

Nakuandikia kwa sababu ile ile ya siku zote. Kwenye simu Mama anataka spika iwekwe, halafu anasogea karibu, na kuna mambo hayasemeki mbele yake. Barua inaingia ndani ya kifurushi, kifurushi kinaingia basi, basi yamekwisha.

Jambo lenyewe ni kofia ya Aqil. Kila Shaaban Mama hushona moja kwa mkono, mimi naifunga, wewe unaipokea huko Nairobi na kumpelekea mdogo wetu huko Durban alikojichimbia. Ya mwaka huu itakuwa ya ishirini. Tangu alipokosana na Baba akaja kwako na begi moja, hajatupigia simu, hajatuandikia, salamu zake zote zinapita mkononi mwako. Baba mwenyewe ametangulia zamani, Mungu amrehemu, na bado bwana yule amenuna. Nikimpata nitamvuta masikio mbele ya watu.

Sasa Mama amekuja na jipya. Anasema kofia haianzwi mpaka apate uzi wa kichwa cha Aqil. Unaukumbuka mtindo wake: anazungusha uzi mweupe kichwani, anapiga fundo moja usawa wa sikio na la pili pale ncha zinapokutana, na kofia ikiisha anaukunja uzi ule ule na kuuweka ndani, mwenye kofia ajue ni yake. Nilimwambia ashone kwa kipimo cha zamani. Akasema, "Aliondoka na miaka ishirini na miwili, leo ana arobaini na miwili. Saleha aniletee uzi wa kichwa cha mwanangu."

Saleha, daktari amesema moyo wa Mama umechoka. Hakusema lini, na mimi sikuuliza. Nataka mwanamke huyu apate anachokitaka kabla hatujachelewa. Nitafutie uzi huo.

Halafu ule uzi wa kushonea ulionitumia mwezi jana unakatika ovyo. Kwa nini huendi mjini, Biashara Street, ulikokuwa ukinunua zamani?

Dada yako,
Ummulkheir

*

Mountain View, Nairobi
27 Januari 2025

Dada yangu mpenzi Ummulkheir,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika ikinukia asumini na samaki, nadhani kifurushi kilikaa karibu na mzigo wa mtu. Huku hatujambo. Mbarak bado ni karani yule yule kwenye duka lile lile, na bado anarudi nyumbani akiwa amemaliza maneno yote dukani. Zuhura anasoma, au anasema anasoma.

Mimi nipo na cherehani yangu dirishani. Siku hizi nashona vibana nywele vya kitenge, aproni, na magauni ya watoto ya kushindia nyumbani. Kuna jirani wa ghorofa ya juu, Jacklyne, anaviuza ofisini kwao. Jana amegonga mlango kabla sijanywa chai: "Mama Zuhura, zile za nywele ziliisha Jumatatu. Nipee zingine kama thelathini, na usiweke rangi ya kunguru, watu wa ofisi wanataka kuonekana." Nimecheka. Basi nashona rangi za kuonekana.

Uzi nanunua hapa Kangemi kwa sababu ni karibu. Mjini sipapendi. Watu wengi, kelele nyingi. Nitajaribu wa duka jingine.

Kuhusu Aqil, hajambo, anasalimu. Kazi zake ni za safari, ndiyo maana hapatikani. Bahati nzuri rafiki yake alipita hapa wiki iliyopita na nikapata uzi. Nimeukunja ndani ya karatasi hii. Mwambie Mama asihangaike, kichwa hakijabadilika sana.

Mengine ni ya kawaida tu. Juzi niliosha kofia ya Mbarak nikaitia wanga, nikaiweka juu ya bakuli lililopinduliwa ikauke, kama tulivyofundishwa. Niliporudi jikoni nikaiona kwa nyuma, nikasimama mlangoni nisiweze kuingia. Chai ikafurika ikazima moto. Nadhani ni uchovu. Mbarak ameniambia nipunguze kazi.

Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu. Kofia ikiisha ilete kama kawaida.

Mdogo wako,
Saleha

*

Langoni, Lamu
9 Februari 2025

Saleha,

Salaam. Wazima wanatosha kuitwa wazima. Leo sina habari za paka.

Nilimpa Mama uzi baada ya Alasiri. Aliupitisha kati ya vidole vya mkono wa kulia, taratibu, macho ameyafumba. Akafika kwenye fundo la kwanza akatua. Akafika la pili. Akarudi tena la kwanza. Kisha akasema, "Hiki ni kichwa cha Mbarak."

Nikamwambia Mama, si kweli, vichwa vinafanana. Akasema, "Nilimshonea kofia ya harusi. Ana kisogo kirefu, fundo la sikio linakaa mbali. Mwambie Saleha nimeupata uzi wa mume wake, na ninaungoja wa mwanangu." Akageukia ukutani. Tangu siku ile anakula vijiko viwili vya uji, cha tatu anakitema.

Nami nilikwenda nikautoa ule uzi jalalani nilikoutupa kwa hasira, nikaupima kwenye kofia ya harusi ya Mbarak mliyoiacha huku. Saleha, haukuzidi wala haukupungua.

Nitakwambia langu ili nawe useme lako. Tangu Mama apate kiharusi mwaka 2021, mkono wake wa kushoto umekufa, na mkono wa kushoto ndio uliokuwa unashika sindano. Ulidhani anashona kwa wa kulia kwa sababu mimi nilikuambia hivyo. Kofia tatu za mwisho nimeshona mimi. Yeye anakaa kando, ananielekeza kitobo kwa kitobo, vile vijitundu tunavyovizungushia uzi, na nikikosea anajua kwa sauti ya uzi. Sikusema kwa sababu sikutaka Aqil avae kofia akijua Mama hawezi tena.

Langu ndilo hilo. Sasa niambie mdogo wetu yuko wapi.

Ummulkheir

*

Mountain View
20 Februari 2025

Dada Ummulkheir,

Assalaam alaykum. Mbarak na Zuhura wazima. Nimeanza barua hii mara saba. Mbarak ameketi mezani mbele yangu na amesema hatasimama mpaka niifunge.

Aqil amekufa. Amekufa tangu tarehe nane Julai mwaka 2005, wiki tatu baada ya kufika kwangu. Gari lilimgonga mjini, Moi Avenue, saa tano za mchana. Hakuteseka, au ndivyo walivyoniambia. Mbarak na wanaume wa msikitini walimzika Kariokor siku ile ile kabla ya Magharibi.

Utaniuliza kwa nini. Unakumbuka Julai ile Mama alikuwa amelazwa Mombasa, ametoka kupasuliwa, na wewe ulikuwa ukilala chini kando ya kitanda chake. Nilimpigia Baba. Niliposema tu jina la Aqil akasema, "Huyo usinitajie," akakata. Nikasema nitangoja Mama atoke hospitali. Akatoka. Nikasema apate nguvu. Akapata nguvu, na Shaaban ilipofika akaniletea kofia na akasema, mpelekee mdogo wako. Niliipokea, Dada. Nilipoipokea tu nilikuwa nimeshasema uongo, na baadaye ukawa unajisemea wenyewe. Durban niliitoa kwenye kalenda ya duka. Ile shali ya sufu aliyomletea Mama mwaka 2011 niliinunua mimi.

Kofia zote ninazo. Kumi na tisa, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sijafungua kifurushi hata kimoja. Kila mwaka nasoma barua yako uliyoibandika nje, halafu naitia kofia ndani kama ilivyofungwa na kusukuma sanduku kwa mguu. Nikipita na ufagio asumini ya Mama inanifuata mpaka sebuleni. Miaka mingine napakua sahani moja zaidi, Zuhura ananiuliza mgeni ni nani. Na kila nikithubutu kwenda mjini, kwenye ile barabara namuona. Simuoni uso. Naona kisogo, kofia, na yale masikio yake yaliyosimama, anakwenda mbele yangu kati ya watu, na ninajua akifika ukingoni atavuka. Ndiyo maana siendi mjini.

Mbarak amenisihi kila Shaaban niseme. Usimlaumu yeye.

Usimwambie Mama. Moyo wake hautaweza. Au mwambie. Mimi sijui tena lililo jema.

Saleha

*

Langoni, Lamu
21 Aprili 2025

Saleha,

Salaam. Shemeji yako mzima, watoto wazima, paka wamekua.

Ramadhani imekuja ikapita, Idi imepita, na ulinipigia mara kumi na moja sikupokea. Kila nilipokaa kuandika yalitoka matusi, na mimi nilikuwa nimefunga. Umetuzikia ndugu yetu bila sisi. Miaka ishirini nimemsengenya maiti. Nimemwita mwenye kiburi, mwenye roho ngumu, nimesema nitamvuta masikio, na yeye yuko chini ya udongo wa Kariokor na mimi dada yake sijawahi kumsomea hata Fatiha nikijua namsomea. Hilo sijakusamehe. Nakwambia wazi ili usije ukadhani barua hii ni msamaha.

Lakini kuna mengine, na lazima uyajue.

Nilimwambia Mama usiku wa kuamkia Idi. Nilimshika mkono mzima, nikasema kwa kifupi, kisha nikangoja aanguke. Hakuanguka. Aliniuliza, "Amesema kwa mdomo wake?" Nikasema kwa kalamu yake. Akasema alhamdulillah mara tatu, akaomba chai, akainywa yote.

Saleha, Mama alijua. Alijua tangu mwaka wa tano. Hakuna aliyemwambia. Aliniambia hivi, nami naandika kama alivyosema: "Nimeshona kofia miaka sitini. Mtu aliye hai hakosi kulalamika. Mmoja itambana, mwingine itampwaya, mwingine atasema inamwasha paji la uso. Saleha alisema imefika, imefika, imefika, imefika. Mara nne. Hakuna kichwa kilicho hai kinachokaa kimya mara nne."

Nikamwuliza, basi kwa nini uliendelea kumshonea? Akasema kuanzia ile ya tano hakumshonea Aqil. Alishona sadaka kwa ajili yake, kofia ya mwaka, ivaliwe na mtu yeyote anayesali huko Nairobi. Ndiyo maana hakuweka uzi ndani. "Kofia isiyo na uzi si ya mtu mmoja. Saleha amezaliwa ndani ya nyumba hii, anajua maana yake. Nilimwambia kwa njia hiyo kuwa najua, asipate shida. Nikangoja anijibu." Na mimi, Saleha, nilizishona tatu kwa mikono yangu, akaniambia usitie uzi, nikadhani ni uzee.

Uzi alioudai mwaka huu, alikuwa anakufungulia mlango. Moyo umechoka na hakutaka kufa akiwa anangoja.

Kisha akaniuliza, "Zile kofia kumi na tano, zimevaliwa na nani?" Nilikuwa na barua yako kifuani mwangu, imeandikwa kuwa hukufungua hata kifurushi kimoja. Nikasema nitakuuliza.

Fungua sanduku.

Ummulkheir

*

Mountain View
4 Mei 2025

Dada Ummulkheir,

Assalaam alaykum. Zuhura ana mafua, Mbarak mzima. Jacklyne amepandishwa cheo na anataka aproni hamsini.

Nilifungua. Nilimngoja Mbarak aje, tukakaa chini sote wawili, yeye akikata kamba, mimi nikifunua. Nne za mwanzo zina uzi ndani, umekunjwa mviringo, mafundo mawili. Ya tano haina. Nilikung'uta karatasi yake, nikatafuta mpaka chini ya zulia. Ya sita haina. Ilipofika ya tisa nilimwambia Mbarak aache, akaendelea peke yake mpaka mwisho. Kofia kumi na tano, kubwa na ndogo, hata mbili hazilingani. Mama alikuwa akishona vichwa vya watu asiowajua, nami nikaviweka gizani.

Ningefungua kile kifurushi cha mwaka wa tano, Dada, ningekuwa huru nikiwa na miaka thelathini na miwili.

Nimeziosha zote kumi na tano, nikazitia wanga, nikazipanga juu ya kila bakuli, sufuria na kopo lililomo nyumbani. Asubuhi niliingia jikoni kukawa na vichwa kumi na tano vimenipa kisogo. Sikukimbia. Nilichemsha chai katikati yao. Ijumaa Mbarak alizipeleka msikitini akazigawa. Nikamwuliza watu wamesemaje. Akasema, "Zimechukuliwa." Unamjua Mbarak, ukimtuma maneno anarudi na hesabu. Kwa hiyo Mama sina jibu la kumpa, nisamehewe hata hilo. Nne zenye uzi nimebaki nazo.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukiandika Februari. Mbarak aliisoma barua ile, akaona hakimo, akaniangalia tu. Lakini sasa ninyi mnasema kweli na mimi bado nimeshika kipande.

Aqil hakuwa akitembea tu mjini siku ile. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja upande wa River Road, na nilikuwa nashona kofia ya Mbarak ya Idi. Uzi ukaniishia. Aqil alikuwa amelala, amechoka, usiku kucha alikuwa akitafuta kazi ya kupakua mizigo sokoni. Nikamwamsha. Akasema, "Dada, nipe saa moja." Nikamwambia huku kwangu hakuna wa kulala mchana, inuka ukaniletee uzi mweupe Biashara Street. Nilimsemesha kama Baba alivyokuwa akimsemesha. Akavaa viatu, akatoka.

Ndilo neno langu la mwisho kwake. Nilimtuma uzi.

Mama umwambie au usimwambie, lakini wewe ujue.

Saleha

*

Langoni, Lamu
2 Juni 2025

Mdogo wangu,

Salaam. Mama anashuka. Anakaa macho saa mbili tatu kwa siku, na saa hizo anataka mambo yaliyo sawasawa.

Nimemsomea barua yako yote. Sikuruka mstari, kwa sababu tumeruka vya kutosha. Nilipofika pale ulipomtuma alilia, Saleha, machozi ya kawaida, kama mtu mwingine yeyote. Nami nililia. Baadaye alisema wewe ulikuwa msichana wa miaka ishirini na saba mwenye uzi uliokwisha, na kila mwanamke amewahi kumwamsha mtu aliyelala.

Kisha akauliza swali moja, na ameniuliza tena leo: "Alikuwa anakwenda au anarudi?"

Nijibu haraka. Hii usingoje kifurushi, itume kwa basi la kesho.

Ummu

*

Mountain View
6 Juni 2025

Dada,

Alikuwa anarudi. Alikuwa ameshaununua.

Ulikuwa ndani ya mfuko wa shati lake, kidonge kimoja cha uzi mweupe, karatasi ya duka bado imeuzunguka. Walinipa pamoja na viatu. Kofia ile ya Mbarak sikuimalizia kamwe. Uzi nimeuweka miaka ishirini ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, na kila ninapotafuta kifungo naugusa.

Huu hapa. Sijui Mama ataufanyia nini, lakini nadhani huu ndio aliokuwa akiuulizia.

Leo Idi. Mpe mkono wangu.

Saleha

*

Langoni, Lamu
19 Julai 2025

Mdogo wangu Saleha,

Assalaam alaykum. Mama yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua unavyosoma barua, unakimbilia chini kwanza.

Uzi ulipofika aliunusa, akauweka shavuni, akalala nao siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Leta kitambaa." Nikamwuliza kipimo gani. Akasema, "Kichwa chochote." Tumeishona wiki tano. Uzi wa zamani, nilidhani utakatika, na haukukatika hata mara moja. Mimi ndiye niliyeshona. Lakini kitobo kimoja, ukiangalia nyuma karibu na ukingo, kimekaa kama jino la mtoto. Hicho ni chake. Alitaka sindano, akaishika kwa mkono wa kulia ambao haujawahi kushona maishani mwake, na kitobo hicho kimoja kilimchukua asubuhi nzima. Usithubutu kukinyoosha.

Hakuna uzi ndani. Kidonge kimekwisha, na kipande kilichobaki hakifiki urefu wa kidole. Ameniambia nikitupe, nikakitupa.

Sasa sikiliza agizo lake. Kofia hii usiitie sandukuni, na usimpe Mbarak akaigawe. Uende nayo mwenyewe mpaka pale barabarani. Umpe mtu kwa mkono wako. Na umletee jibu, kwa sababu anasema mara hii hatakubali kuambiwa imefika.

Mimi bado nina hasira na wewe, lakini zimeanza kunitoka, kama pete. Fanya upesi. Saa zake za kukaa macho zimebaki moja moja.

Dada yako,
Ummulkheir

*

Mountain View
25 Julai 2025

Dada yangu Ummulkheir,

Assalaam alaykum. Barua hii msomee Mama kabla hujaisoma mwenyewe. Nimempa kondakta wa basi la usiku huu, amenihakikishia itamfikia mtu wenu kesho. Zuhura amepona, Mbarak mzima.

Leo Ijumaa nimekwenda mjini. Nilishuka mbali nikatembea, kofia ndani ya mkoba, nimeushika kwa mikono miwili. Nilipofika Moi Avenue, pale Biashara Street inapotokea, sikuvuka. Nikasimama ukutani kati ya muuza soksi na muuza vifuniko vya simu. Namuona yule wa siku zote, kisogo na masikio, anakwenda mbele yangu. Nikafumba macho. Nilipofumbua watu walikuwa wanatoka kuswali Ijumaa, na mbele yangu amesimama mchukuzi mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi, mkokoteni wake umejaa majora ya vitambaa, kichwa wazi, kitambaa cha kujifutia jasho begani. Nikamsalimu, akaitikia salamu vizuri. Nikamwambia hii ni sadaka ya mdogo wangu aliyefia hapa, mama yetu ameishona, tafadhali uivae.

Akaifuta mikono yake kwanza. Akaigeuza, akatazama vitobo, akakuta kile kimoja kilichopinda nyuma, akakipitishia kidole gumba. Akaivaa. "Asante, Mama. Mungu amrehemu. Hii ni kazi ya mkono kabisa, hatupatangi hizi huku." Akashika mkokoteni.

Dada, nilitaka kumwambia asivuke. Alisukuma mpaka ukingoni, magari yakapita, akangoja, akanyoosha mkono kusimamisha pikipiki, akaingia barabarani. Nikakiona kisogo chake, na kile kitobo cha Mama, kinakwenda mbali nami hatua kwa hatua. Sikufumba macho. Nimekitazama mpaka kikafika ng'ambo.

Nimekaa pale nikilia, na muuza soksi akanipa kigoda. Halafu nikasikia mtu ananiita. Ni yule yule, amesimama upande wa pili, ameweka mikono mdomoni ili nimsikie juu ya magari, anacheka.

Mwambie Mama hivi, kama alivyosema: "Mama, iko sawa! Lakini inanibana kidogo hapa kwa masikio."

Saleha